Firigisi ya Marehemu

25 Desemba, usiku

Sijui kama nilifanya vizuri. Kila Krismasi marehemu mume wangu aliichukua firigisi, haki ya mwanamume mwenye nyumba, akampelekea Atieno anayetupikia. Leo mezani shemeji alikuwa ameshanyoosha mkono aichukue. Nikamwahi.

"Mama Ouma, sasa hiyo ni ya nani?" akaniuliza. Watu wakacheka.

Jikoni nilimpa Atieno, nikasema asante. Akatabasamu.

"Mama, mimi sili firigisi. Mzee alikuwa anakaa kwa hiki kigoda, anaila mwenyewe, ananiuliza habari za nyumbani."

Miaka yote hiyo nilidhani...

Nikakaa. Nikamuuliza habari za nyumbani, akanieleza kirefu. Firigisi niliila mimi, mwanamke! Sijui nilikuwa namshukuru Atieno au namtafuta marehemu.

Na shemeji kesho nitamwambia nini?