Sindano Juu ya Maji

Konventi, Pito,
Sumbawanga.
Juni 1994

Kwa kaka yangu mpendwa Kalisti,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Hellena, na kwamba joto la Wampembe halijamrudishia homa. Sisi huku ni baridi tu. Asubuhi vidole vinagoma kushika chaki. Kwa afya sijambo. Mengine ndiyo yaliyonifanya niandike.

Wiki hii nilifundisha kidato cha tatu jinsi molekuli za maji zinavyoshikana. Nililaza sindano ya kushonea juu ya maji kwenye glasi, ikaelea, wasichana wakadhani ni mazingaombwe. Nikawaeleza kwamba haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Mvuto huo, unaoitwa kifungo cha haidrojeni, ni hafifu na hukatika kila mara, lakini molekuli ikiachiwa huku imeshadakwa kule. Kwa wingi wake vifungo hivyo vinabeba chuma. Rahel, msichana mmoja mdadisi, akauliza molekuli inayotaka kutoka ifanyeje. Nikamjibu kama kitabu: iwe juu, ipate joto la kutosha, iruke ikawe mvuke. Kisha nikashindwa kuendelea na somo, nikawapa zoezi.

Unajua maandalizi ya nadhiri zangu za usista mwezi wa nane. Mama kauza mahindi kwa wachuuzi wa malori, hawa walioruhusiwa siku hizi, na ulezi wa pombe ameshautenga. Mzee Sayi, jirani yetu Msukuma ambaye hata mlango wa kanisa haujui, katoa dume la ng'ombe. Wewe umeahidi samaki wa huko ziwani, migebuka. Hakuna aliyenilazimisha, kaka, na hapo ndipo ninapokwama. Angekuwapo wa kunilazimisha ningegombana naye. Nitagombanaje na shangazi Otilia, anayenishonea shela ilhali hata uzi haoni vizuri?

Mwezi uliopita nilimwendea Mama Mlezi wa manovisi, nikamwambia moyo wangu haumo. Hakunikemea. Alinishika mkono, akasema hata yeye alipitia hayo, akanimiminia chai ya maziwa. Nikatoka nimebanwa kuliko nilivyoingia.

Sasa nikuambie lenyewe. Sitaweka nadhiri. Si kwa ajili ya mwanamume, usije ukaanza kumtafuta. Nataka kufundisha, na jioni nifunge mlango wangu mwenyewe. Nimeamua, na naogopa sana. Nenda nyumbani Izia kabla mama hajaloweka ulezi, maana ukishaota atakuwa ameshaalika watu. Mweleze wewe, mimi akinitazama tu nitarudi nyuma.

Limebaki jambo dogo, na ndilo linalonizuia getini. Siku naingia huku, mama aligawa nguo zangu zote kwa mabinti wa jumuiya, huku akicheka na kulia. Sina cha kuvaa zaidi ya vazi hili jeupe. Nikitoka nalo, kila nitakayekutana naye njiani ataniamkia Sista na kunirudisha kwa upole.

Barua hii nimempa Rahel. Baba yake ana gari la samaki linalokuja huko. Wasalimie wifi na watoto, na uwabusu kwa niaba yangu. Migebuka usilete. Niletee gauni, hata la mtumba, ila lisiwe jeupe.

Mdogo wako,
Bertilla