Hata Gunia la Viazi

Cloonagh,
Ballinroe,
Ayalandi.
Jumapili, 22 Februari 1987

Mpendwa Shangazi Bríd,

Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini barua hii itakukuta salama huko Perth, na kwamba goti lako limepata nafuu tangu ulipotuandikia wakati wa Krismasi. Sisi huku ni wazima. Mama alikuwa na kikohozi lakini kimekwisha. Mvua ndiyo haijakwisha. Mbele ya mabanda ni tope tupu na mabuti yangu hayakauki.

Baba ameniagiza nikupe habari njema, nami naanza nazo kama alivyotaka. Alhamisi iliyopita, katika mbio za kuruka viunzi hapa Ballinroe, farasi wetu watatu walishinda siku moja! Majirani wanasema banda letu halijaona siku kama hiyo tangu enzi za Babu. Leo Padri ametutaja kanisani, kabla hata ya kuwataja wagonjwa.

Fiach Dubh alishinda mbio za kwanza kwa urefu wa shingo. Yule mzee wetu Rí Rua, ambaye Baba alikuwa karibu kumstaafisha, alishinda za tatu wenzake wakiwa bado wanahangaika na kiunzi cha mwisho. Habari njema zimeishia hapo, Shangazi. Ushindi wa tatu umenitia hasira ambayo haijanitoka tangu Alhamisi. Hata hesabu nilizopewa kufanya likizoni zimenishinda.

Farasi mwenyewe ni Spideog, yule jike mwekundu niliyewahi kukuandikia habari zake. Ni mali ya Bwana Prendeville, mwenye machimbo ya mawe; Baba analipwa kumtunza na kumfunza tu. Dada Sorcha ndiye anayemwendesha mlimani kila asubuhi, huu mwaka wa pili. Sorcha ana leseni ya kupanda mashindanoni, lakini Bwana Prendeville hataki mwanamke juu ya farasi wake. Hukodi mwanamume, Declan Roche. Spideog hapendi kuvutwa hatamu anapokaribia kiunzi; ukimvuta, anabisha. Roche alimvuta mwezi wa Novemba, wakaanguka wote wawili. Sorcha alikaa bandani wiki tatu akimkanda farasi mguu kwa maji baridi.

Alhamisi Roche alianguka tena, katika mbio za nne, akiwa juu ya farasi wa watu wengine, akavunjika mtulinga. Spideog alikuwa akimbie mbio za tano, na wapandaji wote walikuwa wameshachukuliwa. Baba alimwendea Bwana Prendeville, kofia mkononi.

"Bwana, amebaki Sorcha tu."

"Sorcha gani? Yule anayeshika kamba?"

"Binti yangu, bwana."

"Haya, mpandishe. Ila akimwangusha farasi wangu, Con, usije kunitazama usoni."

Hapakuwa na chumba cha wanawake cha kubadilishia nguo. Sorcha alibadilisha katika hema la wauguzi, naye Roche alikuwa amelazwa humohumo nyuma ya pazia. Nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia, "Chukua viatu vyangu, mtoto, mimi leo sina safari. Na yule mwehu usimvute." Viatu vilikuwa vikubwa. Mzee Mossie, mtunza farasi wetu, alivijaza magazeti kwenye vidole.

Laiti ungemwona, Shangazi! Kila walipokikaribia kiunzi, Sorcha alilegeza hatamu na kutulia kama mtu aliyebeba kapu la mayai. Mossie alikuwa amenishika bega akipiga kelele, "Mwache! Mwache aruke mwenyewe!" Vikiwa vimebaki viunzi viwili walikuwa wa tatu. Cha mwisho walikiruka kama hakipo. Wakashinda, na wa pili alikuwa nyuma sana.

Mwandishi wa gazeti alikuja kumpongeza Bwana Prendeville, akamuuliza habari za mpandaji. Bwana Prendeville akasema, "Mpandaji? Kwa farasi huyu? Leo hata gunia la viazi lingeshinda."

Watu wakacheka. Baba naye akacheka. Ndiyo, Shangazi, Baba alicheka, na Sorcha alikuwa hatua tatu kutoka hapo, tandiko mkononi, akielekea kwenye mizani kupimwa uzito, kama wapandaji wote baada ya mbio.

Mossie peke yake ndiye aliyejibu. "Basi mwezi wa Novemba tungempakia hilo gunia, bwana. Gunia halivuti hatamu." Hapo hakuna aliyecheka.

Gazeti limetoka jana. Maneno ya gunia yameandikwa kwa herufi kubwa. Jina la Sorcha halimo; ameitwa "mpandaji wa akiba". Je, hiyo ni haki? Mtu amlee farasi miaka miwili, amtibu, amshindie mbio, kisha afananishwe na viazi?

Spideog atakimbia tena Siku ya Mtakatifu Patriki, 17 Machi, katika mbio kubwa. Bwana Prendeville amemwambia Baba atafute mwanamume mwingine. Najua kwamba kati ya farasi wetu kumi na mmoja, wanne ni wake, na anaweza kuwahamishia banda lingine. Najua Baba si mtu mbaya. Ameshaandika majina kwenye ubao wa chumba cha matandiko, kila farasi na mpandaji wake, lakini mbele ya jina la Spideog hajaandika kitu. Leo asubuhi nimemwona amesimama pale na chaki, muda mrefu, kisha akaenda kulisha.

Hii ndiyo sababu nakuandikia wewe. Jana, alipokuwa akikanda mkate, Mama aliniambia habari za lile kombe la fedha la Baba lililo sebuleni. Alisema farasi aliyelishinda kombe hilo ulimfundisha wewe kuruka, asubuhi zote za msimu mzima, na siku ya mbio Babu akampandisha Baba. Kombe lile nimelipangusa vumbi kila Jumamosi na sikujua.

Sikuombi umgombeze. Usimtaje hata Bwana Prendeville. Mwandikie tu kaka yako, umwambie siku ile ulikuwa umesimama wapi. Nimehesabu siku za posta: ukiandika mara tu upatapo hii, itamfikia kabla hajapeleka majina.

Nisalimie Mjomba Fintan, na Aoife na Eamon. Mama na Mossie wanakusalimu sana. Sorcha pia anakusalimu, ingawa hajui nilichoandika. Yuko mlimani na Spideog, mvua hii hii. Mungu akulinde na jua lenu kali na akupe afya.

Mtoto wa kaka yako, akupendaye na kukutumainia,

Neasa