Fomu ya Chiriku

Mdogo wangu mpendwa,

Naomba radhi kwa kukaa kimya miezi mitatu. Barua zako zote nne zimenifikia na nimezihifadhi katika droo. Nilikosa namna ya kukuandikia bila kulalamika, na mwishowe nimeona afadhali nilalamike. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba shemeji ameacha kupanda ngazi peke yake kama alivyokatazwa na daktari. Sisi huku tu wazima wa mwili.

Uliniuliza maisha ya hapa yakoje. Ni maisha ya mlango wa friji. Mwanangu hutoka alfajiri kwenda kutengeneza lifti, na mkewe huingia mchana katika jiko la hospitali, akarudi sisi tumekwisha kula. Kwa kuwa hawaonani, huandikiana vikaratasi na kuvibandika frijini: nani anunue sabuni, nani ampeleke mtoto kwa daktari wa meno. Nami nina vyangu: Mama, dirisha la sebuleni usifungue. Mama, mashine ya kufulia usiiguse. Mimi niliyeongoza shule ya wanafunzi mia sita!

Mjukuu wangu ana miaka minane. Namwita Chiriku kwa sababu hanyamazi hata akipiga mswaki. Alizaliwa huku, na lugha ya huku anaimwaga kama maji. Nilipofika niliweka sheria kwamba ndani ya nyumba ni Kiswahili tu. Wote waliitikia ndiyo Mama, ndiyo Bibi, lakini nikiingia chumbani tu nawasikia wamerudia yao. Nikikohoa, Kiswahili kinarejea mbio kama wanafunzi waliomwona mwalimu wa zamu.

Sasa sikiliza lililonikaba. Mwezi uliopita shule ilimhamisha Chiriku. Kila asubuhi, wenzake wakifungua vitabu vya hadithi, yeye hupelekwa chumba kingine pamoja na watoto waliofika nchini juzi, akafundishwa kutaja meza, kiti na dirisha. Mwanangu alipandwa na hasira. Alisema mwalimu wa darasa ameangalia jina la mtoto na rangi yake, akamaliza kazi hapo hapo. Mkwe wangu, ambaye si mtu wa kupaza sauti, aliongeza kwamba mwalimu yule binti hata haya hana, maana kila siku anamchekea yeye langoni. Niliposema labda ipo sababu, mwanangu aliniuliza kama siku hizi nimekuwa wakili wa walimu wa dunia nzima.

Mwanangu ameandika malalamiko ya kurasa tatu, amewachochea wazazi wengine, na Alhamisi wote wataketi mbele ya mkuu wa shule. Mwalimu mwenyewe yuko katika mwaka wake wa kwanza kazini. Chiriku anasema siku mbili hizi amekuja darasani macho mekundu.

Mdogo wangu, mwalimu huyo hana kosa. Mwenye kosa ni mimi.

Kabla ya uhamisho huo shule ilileta fomu ya kuuliza lugha za watoto. Ilikaa frijini wiki nzima, kila mmoja akimwandikia mwenzake aijaze. Siku ya mwisho nilichoka kuitazama, na kwa kuwa ilikuwa na tafsiri ya Kiswahili, nikaketi nikaijaza. Swali la kwanza liliuliza nyumbani hutumika lugha gani. Nikaandika Kiswahili tu, maana ndiyo sheria, na sikutaka kukiri kwamba haifuatwi. Swali la pili liliuliza mtoto anaijua kiasi gani lugha ya shule: vizuri sana, wastani au kidogo. Unanijua. Katika miaka thelathini na minane sikumpa mtoto yeyote vizuri sana, hata wewe nilipokufundisha. Wiki hiyo Chiriku alikuwa ameleta imla yenye makosa manne, basi nikatia alama kwenye kidogo, ili aongeze bidii. Chini nikaandika jina la ukoo, kama ilivyotakiwa, nikaitia fomu mkobani mwake; kila mzazi akadhani mwenzake ndiye aliyeijaza.

Mara tatu nimefungua kinywa ili niseme. Mara zote mwanangu alikuwa katikati ya kumtukana mwalimu, nikaona matusi yatanigeukia. Naogopa pia kwamba kikaratasi kitakachofuata frijini kitakuwa cha safari yangu ya kurudi, nami kumwacha Chiriku siwezi.

Jana nilikuwa namsuka. Ghafla akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba siku ile aliniona na ile fomu. Amejua mwezi mzima! Mtoto asiyeweza kuficha hata alichokula shuleni amenifichia, baba yake akigonga meza mbele yake. Kisha akaniuliza kama Alhamisi aseme ameijaza yeye mwenyewe, kwa sababu mtoto hawezi kurudishwa kwao.

Nimewasimamisha watoto wa watu juani kwa uongo mdogo kuliko huo. Lakini huyu sikumkataza. Nilishika kitana, nikamwambia atulize kichwa, nikaendelea kusuka.

Msalimie shemeji na wanao wote, ila hili lisitoke kwako. Leo ni Jumatatu. Nitakuandikia nikishaamua.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Mwalimu