Mahindi Hayakula Mbolea ya Chai

Kiplangat,

Kosa ambalo watu wengi hufanya wakiona jani la njano ni kusema kwamba udongo ni maskini, na kwamba aliyepewa kazi ya kuulisha hakuulisha. Nilifanya kosa hilo mimi, mwalimu wa kilimo hadi nilipostaafu, na nilikufanyia wewe. Kwa hiyo nianzie hapo. Salamu zitafuata zenyewe.

Ni asubuhi. Nimekaa nje kwenye benchi uliyonitengenezea kwa mbao za grevilia, ile yenye mguu mmoja mfupi. Bado inayumba. Tangu tukuzike sijalia, na watu wameanza kuniangalia kwa sababu hiyo. Nikipewa chakula nakula. Nikiulizwa swali najibu. Unajua mkono ukiulalia sana unakufa ganzi, ukiushika ni kama wa mtu mwingine. Mimi niko hivyo mwili mzima. Usingoje maneno matamu basi. Nitakueleza tu, maana kueleza ndiyo kazi ninayoijua.

Habari za nyumbani. Mvua za El Nino zimekwisha. Daraja la kwenda kituo cha chai limewekewa magogo na lori linapita. Malaria iliyokuchukua imepungua hapa Merigi. Sisi tuliokuwa tukisema mbu hawezi baridi ya huku sasa tunalala ndani ya neti. Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike. Kaburi lilititia kidogo upande wa miguu, nikaongeza udongo.

Habari nyingine ni hii. Mkeo Rael anarudi kwao Ndanai na watoto. Pikapu ya ndugu yake inakuja kesho. Juma lililopita walikuwa kwenye foleni ya kupima majani, na mtu mmoja akamwambia karani, "Mpimie haraka huyu mtoto wa mbolea, asije akamwaga kwa mahindi." Alikuwa anamsema binti yako mkubwa. Foleni ikacheka. Rael alitundika gunia lake kwenye mzani, likapimwa, akamshika mtoto mkono wakaenda. Nimesimuliwa na watu watatu, na kila mmoja alipofika mwisho alitazama chini, kwa sababu wote wanajua jina hilo lilitoka kinywani mwa nani.

Unakumbuka siku ya ndoo? Nilikuwa nimekuja kutoka Kapsoit nilikofundisha, shule zikiwa zimefungwa. Kwenye kile kipande cha juu chai ilikuwa imefanya duara la njano, kubwa kama ua wa kanisa letu, na ndani ya duara vichaka vimedumaa, vingine vimekauka kabisa. Nje ya duara chai ilikuwa nzima. Na chini kidogo, yakigusana na duara lenyewe, mahindi yako yalisimama ya kijani kibichi hata yakawa kama meusi. Nilichukua udongo kama nilivyofundisha miaka yote: unatembea shambani kwa kupindapinda, unachota hapa na pale, unamwaga kwenye ndoo moja, unachanganya vizuri, kisha unatoa kidogo kuwakilisha shamba zima. Wewe ulishika ndoo. Tulipofika kwenye njano ukasema, "Mwalimu, hii si ungeiweka kando? Unaichanganya na ndugu zake wazima." Nikacheka. Nikakwambia kuchanganya ndiko sayansi yenyewe.

Majibu yakarudi kutoka maabara: udongo unafaa kwa chai. Yalikuwa ya kweli kwa kile nilichowapelekea. Vijiko vingi vya udongo mzuri vilikuwa vimemeza vijiko viwili vya ule mbaya. Lakini mimi niliyasoma kama hakimu. Udongo ni mzuri, mbolea ya chai tulipewa na wewe ukakabidhiwa kuitia, na jani ni la njano. Mbolea imekwenda wapi? Nikatazama mahindi.

Ulijaribu kuniambia. Ulisema, "Hapa palikuwa jiko la kogo. Na pale chini ndipo ndama walikuwa wanalala." Ungejua wewe kuliko mimi. Nyumba ya kogo, nyanya yetu, ilipohamishwa kupelekwa juu karibu na barabara, mimi nilikuwa shule ya bweni. Wewe ndiye uliyebaki naye, ukizoa majivu kila asubuhi kwenye mafiga yake na kuyamwaga nyuma ya boma. Na mimi nikakujibu, nayakumbuka maneno yangu yote: "Kama palikuwa na boma, basi hapa ndipo chai ingekuwa nzuri kupita kote. Samadi ni chakula, Kiplangat. Umejishtaki mwenyewe."

Halafu nikayasema sebuleni kwa mama, mbele ya baba wadogo na mzee wa kanisa. "Mbolea ya chai imeliwa na mahindi." Niliyasema vizuri, kama ninavyosema darasani, na watu wakacheka. Wewe ulikuwa umeshika kikombe. Ulisema, "Sawa, Mwalimu," ukakiweka chini bila kumaliza. Mwezi uliofuata nikachukua kipande cha juu, nikampa mtu mwingine kukichuna kwa jina langu, na wewe nikakuachia kile kidogo cha bondeni.

Kitu kimoja sijui kama ulijua nilikiona. Darasani kila somo nilikuwa nikilimaliza kwa kazi moja ya siku hiyo, moja tu, ifanywe leo, isingoje kesho. Wewe hukupita darasa la saba, lakini kila nikija nyumbani ulikuwa ukinipokea barabarani na kuuliza, "Mwalimu, kazi ya leo ni gani?" Nikikwambia kata majani ya nepia ya ng'ombe, unakata. Mara moja nilikwambia kwa mzaha osha ng'ombe masikio, nikakukuta unamwosha na sabuni ya Rael, naye Rael amesimama mlangoni akiuliza nani kati yenu ana akili. Baada ya siku ile ya sebuleni tulisalimiana kama watu wazima. Miaka mitatu. Hukuniuliza tena kazi ya leo.

Sasa nikwambie juu ya kaburi.

Rael ndiye aliyechagua mahali, nami sikuwa na uso wa kumkataza. Aliwaambia wachimbaji, "Chimbeni pale pa njano. Chai haimei hapo hata hivyo." Nilipofika walikuwa wameingia hadi kiunoni. Nilisimama ukingoni. Nilitazamia udongo mwekundu, kama ulio kila mahali kwetu, lakini ulikuwa ukitoka wa kijivu na mwepesi. Kisha yakaja majivu yaliyoshikana kama mkate, jino la ng'ombe, na kigae cha chungu. Halafu jembe likagonga jiwe. Wakalitoa: figa, upande mmoja jeusi kwa moshi. Wakaliweka kando na kuendelea.

Walichimba kwenye ukingo wa duara, kwa hiyo ukuta wa juu wa kaburi ulikuwa mwekundu na wa chini ulikuwa wa kijivu, na mpaka kati yao ungeweza kuuwekea kidole. Nimewachimbisha wanafunzi mashimo mengi ili waone udongo ulivyojipanga. Sikuwahi kuona shimo linaloeleza wazi namna hiyo. Kijana mmoja ndani ya shimo alinitazama akamwambia mwenzake, "Mwalimu anasoma." Nilikuwa nasoma kweli. Siku iliyofuata, wakati wa kukutupia udongo, nilichota wa kijivu, na mkono wangu badala ya kwenda kwako ukaingia kwenye mfuko wa koti. Watu waliona. Walidhani ni huzuni.

Nisikilize sasa, maana wewe ungependa kujua. Majivu na samadi ya miaka mingi vinaondoa uchachu wa udongo. Mimea mingi hufurahi, na mahindi hufurahi sana. Lakini chai ni mti wa udongo mchachu. Uchachu ukiisha, kuna madini, chuma ni mojawapo, ambayo yanabaki palepale udongoni lakini mzizi wa chai hauwezi kuyachukua. Ni kama ghala lililojaa na ufunguo umepotea. Kwa hiyo udongo umenona na jani lina njaa. Hata ningekuletea lori zima la mbolea, jani lingebaki la njano. Mahindi yako hayakuiba kitu. Yalikuwa yanakula mezani kwa kogo.

Baada ya matanga nilirudi shambani na mifuko mitatu, bila ndoo. Mmoja wa katikati ya duara, mmoja wa ukingoni, mmoja wa mbali kwenye wekundu. Nikachuma na majani ya chai ya kila mahali, kila kundi na mfuko wake. Kisha nikakumbuka ule mti wa tebeswet uliosimama katikati ya njano, ambao siku ya ndoo uliupiga kofi shinani ukasema, "Na huyu je? Amesimama ndani ya ugonjwa na haumwi." Nikachuma majani yake pia, na ya tebeswet mwenzake aliye kwenye ua wa mbali.

Nilipeleka vyote maabara kule Kericho. Msichana aliyenipa majibu aliuliza, "Mzee, mifuko hii imetoka shamba moja kweli?" Nikasema shamba moja. Akasema, "Basi mtu akiichanganya hii hatajua lolote." Nikamwambia kuna mtu aliichanganya. Akauliza, "Hakusoma?" Nikamwambia alisoma sana.

Udongo wa katikati si wa chai hata kidogo, ingawa una utajiri kuliko mwingine wote. Majani ya chai ya pale yana njaa. Majani ya ukingoni yako katikati ya hali mbili. Lakini miti ile miwili ya tebeswet, mmoja juu ya majivu na mmoja juu ya wekundu, majani yake yanakaribia kufanana. Nilikaa na karatasi hiyo muda mrefu. Kwa sehemu, tebeswet si mchaguzi wa udongo kama chai. Lakini pia mti mkubwa mizizi yake hutoka nje ya duara, ikaokota huku na kule, na jani lake hubeba habari za kila mahali mizizi ilipofika. Kichaka cha chai kimebanwa na wenzake pande zote na kinapogolewa kila mara. Kinakula zaidi pale kinaposimama. Ukitaka kujua udongo chini ya shina, jani la mti mkubwa linaweza kukudanganya, na la chai litakwambia. Swali lako la tebeswet lilikuwa swali la mtafiti. Mimi nilikujibu kwamba tebeswet si chai, jibu ambalo ni la kweli, nikaendelea kukoroga ndoo.

Sitaki kuligeuza hili kuwa mahubiri.

Karatasi hiyo imekaa ndani ya Biblia yangu majuma matatu. Rael yuko hatua chache kutoka hapa, naona moshi wake, na sijaenda. Nitakwambia kwa nini, na sababu yenyewe haina heshima. Nilikuwa nasubiri kwanza nisikie uchungu. Nilifikiri mtu hawezi kwenda kuomba msamaha akiwa mkavu hivi, uso kama ubao, wataona ni hesabu za mwalimu tu. Nilikuwa naamka kila siku najipapasa ndani, kama uchungu umekuja, na haujaja. Asubuhi hii nimeamka hivyo hivyo. Pengine hautakuja. Lakini pikapu inakuja, na akiondoka kabla sijasema, watoto wako watakulia Ndanai wakijua kwamba baba yao alikuwa mwizi wa mbolea, kwa kuwa ndugu yake aliyesoma alisema hivyo na hakuna aliyesema vingine.

Basi nakuahidi haya. Kipande cha juu kinarudi kwa Rael, na namba ya kuuzia majani yake kituoni itaandikwa kwa jina la Rael, aende Ndanai au abaki. Siku ya kupima majani nitasimama kwenye ile foleni niseme nilivyosema sebuleni, kwa sauti ileile, mara hii kweli. Kwenye duara hatutapanda chai tena. Rael akitaka atapanda mahindi. Na lile figa la kogo nimeliosha. Nitalisimamisha kichwani pako, upande mweusi ukikutazama.

Saisere, ndugu yangu. Nasema kwaheri kwa lugha ya kogo, kwa kuwa uko jikoni kwake.

Ungekuwa hapa ungeniuliza kazi ya leo ni gani. Ni moja tu, na ni yangu mimi: vaa viatu sasa, chukua karatasi ile, nenda kwa Rael kabla hajafunga mizigo, na umwambie mbele ya watoto kwamba mbolea yote iliwekwa kwenye chai.