Nyumba ya Immakulata na Kodi Niliyokatwa Mimi

Bi Veronica, mshauri wetu wa redioni, naomba unisikilize mpaka mwisho kabla hujanipa pole, maana pole nimepewa nyingi hapa Kasulu na hazijanisaidia kitu, na jina langu usilifiche, mimi ni Shamsi, muuguzi, kwetu Tanga, kazi ya serikali ndiyo iliyonileta huku milimani, na nimepanga chumba kwa mzee mmoja anaitwa Renatus, nyumba ya matofali ya kuchoma, wapangaji tunakaa uani pamoja, na mita ya umeme ni moja ya wote.

Sasa huo umeme ndio ulioleta yote haya. Kila mwezi anayekuwa wa kwanza kununua umeme wa LUKU ndiye anayekatwa kodi ya jengo, unaweka pesa yako unapewa uniti pungufu, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye mshahara wenzangu wananitegea, umeme ukiisha kila mtu anajifungia chumbani kwake kimya kama hajui kuna giza, mpaka mimi nishindwe kuvumilia ninunue. Nikamwendea mzee Renatus kwa adabu zote, nikamsalimia kwa Kiha changu cha kuokoteza, "Mwidiwe," nikamwambia baba, kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, naomba ninachokatwa tukitoe kwenye kodi yangu ya chumba. Akacheka mpaka akafuta macho. "Binti, unakula mshahara wa serikali halafu unalilia kodi ya serikali? Anayetaka kujua mambo ya kodi za nyumba, akajenge yake."

Bi Veronica, mimi si mtu wa kuchekwa. Siku ya kulipa chumba nikampa pesa nikiwa nimeshatoa kile nilichokatwa, nikamwambia machoni kwamba nimekitoa na sababu anaijua. Akazihesabu, akazitia mfukoni. Kesho yake narudi kazini nakuta mlango wa chumba changu haupo, wala haukuvunjwa, umeng'olewa na bawaba zake, kitanda changu kinaonwa na kila anayepita kuteka maji. Asnath, jirani yangu ambaye ni fundi cherehani, akanifuata mbio, "Shamsi, nenda kamwombe msamaha yaishe." Nikamwuliza msamaha wa kosa lipi? Nikatundika kitenge pale ulipokuwa mlango, nikabandika sufuria yangu, nikala, nikalala. Alitaka nihame kwa aibu, na mimi nikasema aibu ni ya aliyeng'oa.

Nilipopata nafasi nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, akanisikiliza vizuri, halafu akaniambia neno lililonikaa kichwani: "Naweza kumwita mwenye nyumba, lakini kwanza nijue mwenye nyumba ni nani, maana mimi Renatus nilimkuta hapa anakusanya kodi, sikumkuta anajenga." Akanipa namba ya kiwanja na kitalu chake, nikaenda ofisi ya ardhi, nilidhani watanifukuza kwa kuwa mimi ni mpangaji tu, kumbe mtu yeyote mwenye namba ya kiwanja anaweza kuomba upekuzi, yaani daftari lifunuliwe kuona kiwanja ni cha nani, unajaza fomu, unalipia, unasubiri majibu. Majibu yalipokuja jina la Renatus halikuwepo. Mmiliki ni Immakulata, dada yake mkubwa wa tumbo moja, mkulima wa Gwarama huko Kakonko, ambaye wazee wa mtaa wanamkumbuka, alikuwa na mgahawa hapa Kasulu, akajenga nyumba ile kwa jasho lake kabla hajaolewa kwenda huko.

Habari haifichiki. Mzee Renatus akaja mwenyewe na fundi, mlango kaubeba kichwani, na sauti imebadilika. "Binti yangu, tuelewane. Kaa bure, usinilipe kitu mpaka uhamishwe kikazi. Lakini mdomo wako uufunge. Dada yangu ana mguu mbovu, hasafiri, na mimi nilimwambia ukuta ulianguka na mvua, nyumba haina mtu. Ukimpelekea habari hizi utamuua." Nikamwambia baba, kwa hiyo kodi zetu zote hizi unakula wewe? Akanipandishia sauti. "Kodi ya jengo hili nimelipa mimi tangu zile enzi za kupanga foleni, kabla haijaingizwa kwenye umeme, risiti ninazo, na mita ina jina langu. Anayelipa kodi ndiye mwenye mali!"

Hiyo "kaa bure" nimeikataa mbele ya watu, hilo ujue. Lakini wenzangu ndio wamenigeuka. Asnath kanililia, "Wewe utahamishwa urudi Tanga kwenu, sisi huyo mama akija akatutoa tutakwenda wapi na masika haya?" Sasa hata salamu wananipa kwa shida. Mwenzio najiuliza, je, kweli anayelipa kodi ndiye mwenye mali? Na je, nimwambie huyo mama nisiyemjua, au niwahurumie majirani ninaowajua? Kunyamaza siwezi, na kusema naogopa kuwaumiza. Nishauri, ila usiniambie nihame, kwa maana sihami.

Shamsi, Kasulu.

*

Shamsi mwanangu, sikwambii uhame. Lakini kabla sijakusifu nitakugombeza.

Kudai ulichokatwa ni haki yako, kwa kuwa kodi ya jengo mdaiwa wake ni mwenye jengo, na mpangaji aliyekatwa kwenye umeme ana haki ya kurejeshewa. Ila ulikosea kuikata mwenyewe bila hata mstari mmoja wa makubaliano. Ulimpa mtu mkorofi kisingizio, naye akakitumia. Na tangu umeingia chumba hicho, mkataba uko wapi? Hukuuomba. Muuguzi mzima unampa mtu pesa mkononi kila mwezi na huna hata karatasi ya kuonyesha kwamba unakaa hapo! Aliyeng'oa mlango ndiye mwenye hatia, hilo halina mjadala, na kumtoa mpangaji kwa kumwanika uchi mbele ya mtaa si ruhusa ya mwenye nyumba yeyote, sembuse asiye na nyumba.

Sasa hilo la kodi. Neno hili limetuvuruga wengi, tunaita kila kitu kodi. Ile unayolipia chumba ni ujira wa kukaa. Ile inayokatwa kwenye LUKU ni ya jengo. Ipo na ya tatu, ya ardhi yenyewe, anayoilipa mwenye hati kila mwaka, na hiyo haimo kwenye umeme, na nina wasiwasi kwamba hapo haijalipwa siku nyingi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomfanya mtu kuwa mmiliki. Risiti inasema nani alilipa, basi. Ukimlipia ada mtoto wa jirani hujawa baba yake. Na jina la kwenye mita ni jina la mteja wa umeme, hata mpangaji anaweza kuwa nalo. Mwenye nyumba anatafutwa pale ulipomtafuta wewe, kwenye daftari la ardhi, na umeshampata.

Unaniuliza useme au unyamaze. Shamsi, usinifanye mtoto. Siku uliyopokea majibu ya upekuzi uliacha kuwa mpangaji asiyejua. Ukinyamaza sasa unamsaidia Renatus kula, hata kama wewe huli. Na hiyo hofu ya kumuua mama wa watu kwa habari ni ya mwongo. Mtu aliyejenga nyumba kwa mgahawa hafi kwa kuambiwa nyumba yake imesimama.

Nenda Gwarama. Usimpigie simu, nenda wewe mwenyewe, na Asnath umshike mkono hata akilia njia nzima, aone kwa macho yake anayemwogopa. Mwambie hivi: anayelala mvuani ni yule aliyepangishwa na asiye na mali, kwa sababu Renatus akipata mnunuzi mjinga kesho, hatawauliza. Mama akikubali kuja, aende ofisi ya ardhi na kitambulisho chake, aombe upekuzi kwa jina lake, aulize anadaiwa nini cha ardhi, aweke namba yake ya simu kwenye kumbukumbu, na awaulize namna ya kuweka zuio ili kiwanja kisiuzwe kwa mlango wa nyuma. Mita ibadilishwe jina. Wapangaji wote wapewe mikataba, na kodi ya jengo iandikwe humo ni ya nani. Mdogo wake akibisha, baraza la ardhi lipo.

Na pesa yako ya chumba iweke kando kila mwezi, usimpe Renatus, usiile. Utamkabidhi mwenye nyumba. Anayedai haki na mikono yake iwe safi.

Usimtukane mzee huyo. Mshinde tu.

Veronica

*

Bi Veronica, nimerudi kukusimulia, kwa sababu majirani wanasema wewe ndiye uliyetuma jeshi.

Tulikwenda, mimi na Asnath, basi la kupitia Kibondo, na kweli alilia, ila alikoma tulipofika Kakonko akaanza kuuliza tutamwambia nini huyo mama. Tulimkuta Immakulata uani kwake anapepeta maharage. Nilimweleza yote, hakunikatisha. Nilipomaliza akauliza kitu kimoja tu. "Ukuta ulioanguka ni upi?"

"Hakuna ukuta ulioanguka, mama."

Akaweka ungo chini. Halafu akaingia ndani, akatoka amebadilisha kitenge, fimbo mkononi. "Twendeni."

Mzee Renatus alipomwona anaingia uani aliruka kusimama. "Dada! Na huo mguu umesafirije?"

"Mguu unauma, Renatus. Macho hayaumi."

Akazunguka nyumba nzima, ukuta kwa ukuta, anagonga matofali kwa fimbo yake na sisi tunamfuata nyuma. Mwenyekiti wa mtaa aliitwa. Renatus akatoa risiti zake za zamani, bahasha nzima, akasema alichokuwa akisema siku zote. Mama akazipokea kwa mikono miwili. "Urakoze, mdogo wangu, asante kwa kunilipia. Hizi tutazitoa kwenye kodi za vyumba ulizokula, tuone nani anamdai mwenzake." Asnath, Asnath yule yule wa machozi, akapiga kigelegele. Mzee Renatus aliondoka bila kuaga, na tangu hapo hajakanyaga, ingawa nasikia anatafuta wazee wa ukoo wamsemee. Watafute tu. Wapangaji hakuna aliyetolewa, na mikataba tunayo. Pesa yangu niliyoiweka kando nilimkabidhi mama mkononi, akaihesabu mbele yangu, akanirudishia kile nilichokatwa kwenye umeme.

Asubuhi iliyofuata siku ile aliyofika tulimsindikiza ofisi ya ardhi. Karani akatuangalia sote, akauliza mwenye shida ni nani. Mie nimezoea kusema, nikafungua mdomo. Mama Immakulata akanishika mkono, akaegemea fimbo, akasogea mbele yangu.

"Niache niseme mwenyewe," aliniambia. Kisha akamgeukia karani. "Ni mimi. Nimekuja kwa ajili ya nyumba yangu."