Siku Jina la Mama Lilipotajwa Bungeni

Dada yangu Jerusa,

Leo asubuhi kumenyesha manyunyu, na ile baridi ya Julai ya Nairobi imeniingia hadi mifupani. Nimekukumbuka ukiwa umesimama River Road, pale mabasi ya kutoka kwetu magharibi yalipokuwa yakishusha watu, koti moja umelivaa na jingine umelibeba mkononi. Nilishuka nikitetemeka ndani ya gauni la shule. Nikanyoosha mkono nikusalimie, nawe ukanitupia koti.

"Vaa kwanza. Salamu itakuja."

Ulikuwa umelishona mwenyewe, kwa vipande vilivyobaki katika duka la Mhindi palepale River Road, ulikokuwa fundi wa cherehani. Kola ilikuwa ya kijani na mikono ya kahawia. Sijawahi kuvaa nguo iliyonitia fahari kuliko hiyo.

Unakumbuka nilikuja kwa nini. Mheshimiwa wetu, mbunge wa kwetu, alikuwa amehudhuria sherehe ya zawadi shuleni, akanisikia nikighani shairi alilonifundisha mwalimu wetu kutoka Lamu. Sikujua kwamba alikuwa akinisikiliza kama mtu anayezama anavyoitazama kamba. Wakati huo ndipo ilipoamriwa kwamba Bunge lijadili mambo yake kwa Kiswahili, naye Mheshimiwa, hodari wa Kiingereza kama alivyokuwa, Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia nyanya. Akamwomba mwalimu mkuu anipe ruhusa nikafanye kazi kwake wakati wa likizo: kupokea wageni, kusoma magazeti, na kumtengenezea lugha. Kwa hiyo nikawa mwalimu wa mbunge, nami sijamaliza shule.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vyuma, mtaa wa pili kutoka kwenye cherehani yako. Asubuhi tulitoka pamoja chumbani kwako mtaani Satellite, nje ya mji, na jioni tukarudi pamoja. Jumamosi, Mhindi alipofunga duka, ulinionyesha jiji kana kwamba wewe ndiwe uliyelijenga. Tulitazama maua na samaki ndani ya Soko la Jiji. Tulitembea Government Road tukisoma bei za viatu na kucheka. Kisha ukanipeleka kwenye lile jumba la mikutano la duara, refu kuliko kitu chochote nilichowahi kukiona, na bado jipya. Mle ndani ya lifti ulinishika mkono, ukafumba macho, ukasali kwa lugha ya nyumbani mpaka mlango ukafunguka.

Tulipofika juu tuliegemea ukingo. Milima ya Ngong ilionekana karibu kama mtu angeweza kuipapasa. Upande wa pili mbuga ilienda mpaka macho yakachoka. Watu walikuwa chini kule, wadogo, wanatembea bila kujua kwamba tunawaona. Nikakuonyesha Bunge, na mnara wake wa saa.

"Ndiyo ile?" ukasema. "Mbona kadogo hivi? Na ile kelele yote tunasikia kwa redio inatoka hapo?"

Mimi nilikuwa nimeshaingia ndani, na halikuwa dogo. Siku ya kwanza, nilipoliona zulia jekundu, nilivua viatu mlangoni. Askari wa Bunge akanicheka kwa upole. "Vaa, binti. Hapa tunaingia na viatu, hata wewe." Nikaketi kwenye roshani ya wageni, nikamwona Spika akiingia na nywele zake nyeupe za bandia, na mbele yake mtu amebeba rungu la dhahabu begani, na watu wazima, mawaziri, wote wakasimama kimya. Halafu wakaanza kusema kwa Kiswahili. Wengine walihangaika na kutokwa jasho. Wenzao wa pwani walitiririka kama maji. Lakini nilifahamu kila neno. Yule mama aliyefagia ngazi alifahamu kila neno. Nilihisi kana kwamba mtu amefungua madirisha.

Sasa nifike pale ambapo hatukupafikia mara nyingi, wewe na mimi.

Mheshimiwa alitaka kuuliza swali juu ya daraja la kwetu. Aliniambia tu, "Niandalie maneno. Watu wanalia kuhusu ule mto." Nikaketi na kalamu, na mkono ukakataa kutembea. Aliponiuliza kulikoni, nikamwambia kwamba mto huo ndio uliomchukua mama yetu. Alikuwa anakwenda sokoni wakati wa masika, gogo lililokuwa daraja likateleza. Mimi nilikuwa bado nanyonya. Wewe ulikuwa msichana wa kubeba mtungi, na baba alikuwa mbali, kwenye mashamba ya chai. Tangu siku hiyo wewe ndiwe uliyenibeba.

Mheshimiwa alivua miwani. Akasema, "Ningependa nilieleze Bunge habari hii. Lakini marehemu ana wenyewe. Dada yako ndiye mkubwa?"

"Ndiye."

"Basi kamuulize. Akikataa, nitauliza la daraja peke yake."

Niliogopa kukuuliza, dada. Tangu nipate akili, hukuwahi kumtaja mama. Kila nilipokuuliza alikuwaje, ulipata kazi ya kufanya: kuni, maji, ufagio. Jioni ile ulikuwa ukipiga pasi. Nikasema yote kwa pumzi moja. Pasi ikasimama. Nilidhani utanifukuza. Ukaiweka kando juu ya kigae, ukakunja shati la watu polepole, mkono huu, mkono ule, kola.

"Mwambie aseme," ukasema. "Lakini asiseme ati mwanamke fulani. Mama hakuwa fulani. Aseme jina yake, yote, mbele ya wale watu."

Siku yenyewe ulimwomba Mhindi ruhusa. Ulivaa ile blauzi ya kanisani, na kitambaa cheupe kichwani. Pale mlangoni yule askari alitueleza sheria: mgeni haongei, hapigi makofi, hasimami Bunge likiendelea. Ukaitikia kwa kichwa. Tulipoketi niliona vidole vyako vinapapasa mbao za kiti, kama unavyopapasa kitambaa kujua ubora wake. Ukanong'ona, "Perisi, hapa ni kama kanisani, lakini hapa wanajibu."

Mheshimiwa aliitwa. Alisimama, akauliza swali kama tulivyolifanyia mazoezi, sawasawa kabisa. Waziri Msaidizi akajibu kwamba serikali haina mpango wa daraja hilo kwa sasa, akaketi. Ilikuwa fupi kama kufunga mlango. Mheshimiwa akasimama tena kwa swali la nyongeza, na hapo Kiswahili chote nilichomfundisha kikamkimbia. Alisema "daraja yangu", wakacheka. Alisema "mto imekula watu", wakacheka tena, hata Waziri Msaidizi alitabasamu. Nikainamisha uso. Nilitaka kulia kwa ajili yake.

Mheshimiwa hakuketi. Alishika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili.

"Bwana Spika, waache wacheke Kiswahili yangu. Lakini kulikuwa na mama anaitwa Rebeka Kageha. Alikuwa anaenda soko. Alikuwa na watoto nyumbani wanamngoja. Mto ilimchukua kwa sababu daraja ilikuwa gogo. Na leo, Bwana Spika, bado ni gogo."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia mvua juu ya paa.

Nilipogeuka, ulikuwa umesimama. Sijui ulisimama lini. Umenyooka, mikono imeshuka ubavuni, kama tunavyosimama nyumbani mama za watu wanapoingia. Askari akaja mbio kwa ncha za vidole, akainama sikioni mwako.

"Mama, tafadhali keti. Hairuhusiwi."

Hukumtazama. Ulisema kwa sauti ndogo sana, "Huyo anatajwa ni mama yangu."

Yule askari alikuwa ameshanyoosha mkono akushike bega. Aliurudisha. Akabaki hapo hapo kando yako, amesimama wima naye pia, mikono nyuma, mpaka Waziri Msaidizi alipoinuka na kusema kwamba atawatuma mainjinia wakauone mto huo. Ndipo ukaketi.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, nimeona marais wakipita na umati ukipiga vigelegele. Sijaona tena kitu kilichoninyamazisha hivyo: fundi wa cherehani wa River Road, amesimama katika nyumba ya taifa, na nyumba ya taifa imemwacha asimame.

Tulipotoka mvua ilikuwa imekatika. Nilielekea kituo cha basi, ukanivuta mkono. "Tutembee."

"Mpaka Satellite?"

"Mpaka tufike."

Tukapanda mlima kutoka mjini, na tulipokuwa tukipita Lavington, kati ya nyua ndefu za maua na mageti yaliyofungwa, ukaanza kusema. Hukusema juu ya mto. Ulisema kwamba mama alikuwa na mwanya, na alikuwa akicheka kwanza kisha ndipo anasimulia jambo la kuchekesha. Kwamba aliogopa bata. Kwamba aliimba sauti ya pili kanisani, na watu wakimgeukia aliacha. Kwamba mimi nina miguu yake. Mlinzi mmoja alichungulia getini aone ni wanawake gani hawa wanaocheka na kulia barabarani, ukamwamkia kwa furaha, "Habari ya jioni, baba!" ukaendelea bila kungoja jibu. Niliondoka mjini sina mama. Nilifika Satellite ninaye.

Mainjinia walikuja kweli, baada ya masika mengine. Mheshimiwa hakuliona daraja akiwa mbunge. Uchaguzi ulifuata na kura hazikutosha. Lakini siku ya kulifungua alikuja kama mtu wa kawaida, akasimama nyuma. Wewe ndiwe uliyemwendea ukamshika mkono kumleta mbele, na mzee mzima akakufuata kama mtoto.

Tulikuzika juzi, dada, kando ya mama. Gari lililokubeba lilipita juu ya mto bila hata kupunguza mwendo. Wajukuu zako walikuwa wakizungumza kwenye simu zao, hawakujua tunapita juu ya nini, na sikuwakatiza. Nadhani ndivyo daraja linavyotakiwa kuwa.

Nyumba ni kimya. Bado najikuta nikihifadhi maneno ya kukuambia Jumapili. Sikulilii kama nilivyodhani nitakulilia. Naona zaidi mshangao, kwamba kati ya watu wote wa dunia, wewe ndiwe uliyepewa mimi.

Pumzika sasa. Na huko uliko, ukimwona mama, usiharakishe kumsimulia habari zangu. Nishikie nafasi tu. Nitakapokuja, simama karibu nami umwambie mimi ni nani. Aliniacha mdogo sana, dada; peke yangu hatanitambua.

Mdogo wako,
Perisi