Kikombe cha Mchunga

Mofu, shambani
4 Februari 2024

Mwanangu Valeria,

Sisi tupo, kwa kadiri ya watu waliochoka. Wewe na wajukuu zangu mko salama? Mgongo umepoa, au palizi ya miwa bado inakuinamisha? Nakuandikia kwa sababu ile simu uliyoninunulia ni ya wenye masikio. La kushoto limekufa, la kulia linafuata. Na huku shambani mtandao mpaka upande kichuguu. Barua hii atakuletea Evod wa basi.

Tumehamia dungu la shambani tangu Krismasi, kama kila mwaka. Mvua haikatiki. Sukari ya baba yako ilipanda mpaka kumi na saba, macho yamezidi ukungu, na kwenda kliniki Ifakara ni kuvuka maji ya kiunoni. Basi nimeshika dawa ya bibi yako: mchunga, ile mboga chungu ya porini. Umejaa kwenye kingo za majaruba ya mpunga, hauna mwenyewe, hauna foleni. Nachuma konzi moja, nachemsha, anakunywa kikombe kila asubuhi huku amekunja uso utadhani katukanwa. Mchungu ule! Lakini ndiyo dawa.

Shida yangu ni wizi wa sukari. Juzi nimemfuma baba yako kwa Bibiana, jirani wa dungu la pili, anakunywa chai ya vijiko vitatu. Nilingoja sala ya jumuiya, watu wote wamekaa, nikasimama: "Jamani, atakayempa mume wangu sukari, hata akilia, hata akipiga magoti, huyo ndiye atakayemzika." Walicheka, lakini walisikia. Sukari ya nyumbani nimeifungia sandukuni, ufunguo naufunga kwenye pindo la khanga, mafundo matatu. Mwaka wa sita huu namlinda huyu mzee. Nimechoka, Valeria, ila nitalinda.

Mimi mama yako,
Klementina


Kidatu
13 Februari 2024

Mama, shikamoo.

Huku tunasukuma siku. Watoto wanakohoa kidogo, si sana. Mgongo ni ule ule, nimeuzoea. Nilicheka peke yangu niliposoma habari ya jumuiya, kisha nikamhurumia baba. Mzee wa watu, kusutwa hadharani kwa chai!

Nina swali moja. Vidonge vya kliniki bado anameza, au mchunga umechukua nafasi yake? Nauliza kwa sababu chumba cha jirani anakaa muuguzi, Getrude. Nilimtajia mchunga. Akasema mboga ile anaipenda, yeye mwenyewe anaila na dagaa, lakini kuila na kuichemsha ikolee kila siku ni mambo mawili. Anasema hakuna aliyewahi kupima nguvu ya kikombe cha mama Klementina. Usikasirike, mama. Niambie tu unampa kiasi gani.

Msalimie baba, mwambie shikamoo yake ninayo.

Mwanao,
Valeria


Mofu, shambani
3 Machi 2024

Valeria mwanangu,

Marahaba. Poleni na kikohozi, wape watoto maji ya tangawizi. Mimi magoti tu.

Mwambie huyo Getrude nguvu ya kikombe changu imeshapimwa. Wiki iliyopita mhudumu wa afya alipita na mtumbwi, akatoa kimashine chake, akamtoboa baba yako kidole. Sita! Kutoka kumi na saba! Nilipiga kigelegele mpaka kwale wakaruka kwenye mpunga.

Unauliza vidonge. Anameza, aache kwa nini? Sikuvuka maji yale ili vikae kwenye pakiti. Asubuhi vidonge na kikombe, jioni vidonge na kikombe. Cha jioni nimekiongeza baada ya ile sita, ili sukari ishuke ikae huko huko. Na konzi nimefanya mawili, maana bibi yako alikuwa na kiganja cha mpiga makasia, changu kidogo.

Kimebaki kitu kimoja tu. Alfajiri anatoka jasho mpaka shuka linaloa, mikono inatetemeka, na ana njaa isiyo na adabu. Hasira nazo, usiseme. Bibiana anasema huo ni ugonjwa unatoka. Nami naona hivyo. Kitu kilichokaa mwilini miaka yote hiyo hakiwezi kutoka kimya kimya.

Mama yako,
Klementina


Kidatu
9 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Salamu za watoto nitaziandika siku nyingine, Evod ananingoja na basi linanguruma.

Lile jasho si ugonjwa unaotoka. Nilimsomea Getrude barua yako, akaweka sufuria chini. Anasema vidonge vinashusha sukari, na mchunga nao unaweza kuishusha, ukiviweka pamoja inaweza kuanguka chini mno. Ikianguka mtu hutoka jasho, hutetemeka, husikia njaa, huongea ovyo kama mlevi, kisha huzimia. Anaweza kufa, mama. Acha kikombe leo hii. Na kabla hujampa kidonge kingine mpeleke zahanati wampime, uwaambie habari ya mchunga bila kuficha.

Akianza kutetemeka mpe sukari. Ndiyo, sukari! Vijiko vitatu kwenye maji, upesi, halafu ale chakula. Akiwa hawezi kumeza usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mpake sukari kwenye ufizi, mkimbize kwa wauguzi.

Nimempa Evod kilo moja akuletee. Mfungie baba kidogo kwenye karatasi, akae nayo mfuko wa shati. Nakuomba.

Mwanao,
Valeria


Mofu, shambani
15 Machi 2024

Valeria,

Hatujambo. Sukari nimepokea, nimeifungia sandukuni pamoja na ile nyingine.

Miaka sita nami nimekunywa chai isiyo na sukari ili mwenzangu asione wivu. Miaka sita naitwa askari. Wewe ulikuja Pasaka ya mwaka juzi, siku tatu, ukaondoka. Leo unaniletea kilo nzima ya sumu ile ile niliyomkataza, eti niitie mfukoni mwake! Bibi yako alitibu watu wa Mofu mpaka Idete kwa majani haya na sikusikia aliyezimia. Hao wauguzi wa chumba cha jirani wamejuaje mambo ya kwetu?

Kikombe cha jioni nimekipunguza nusu, usije ukasema mimi mkaidi. Zahanati tutakwenda maji yakipungua.

Wasalimie wajukuu.

Klementina


Kidatu
2 Aprili 2024

Mama, shikamoo.

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Evod anasema barabara imekatika, basi linaishia Ifakara. Simu nimepiga mpaka kidole kimechoka, haipatikani. Pasaka nimeila kwa shida.

Nisamehe nilivyoandika. Ni kweli umelinda peke yako. Huku nimechoka, lakini uchovu wangu siwezi kuulinganisha na wako. Sitabishana nawe tena juu ya bibi. Niandikie mstari mmoja tu, mama. Baba yupo?

Mwanao,
Valeria


Mofu, kijijini
21 Aprili 2024

Mwanangu Valeria,

Baba yako yupo. Nimeanza na hilo, sasa ndiyo nakusalimu. Marahaba, mara tatu, maana barua zako zote tatu Evod kanipa leo kwa pamoja.

Nakueleza ilivyokuwa, na huyo Getrude msomee.

Ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Asubuhi alimeza vidonge, akanywa kikombe. Uji ulichelewa, kuni zilikuwa mbichi, nikasema nitaupika nikirudi. Nikaenda jarubani. Huku nyuma akatoka peke yake. Alikwenda kwa Bibiana akaomba kijiko kimoja cha sukari. Bibiana akacheka: "Mzee Joachim, mkeo ametuapisha." Akaenda kwa Lukelo. Lukelo alikuwa na kikombe cha chai mkononi, akakificha mgongoni. Akaenda kwa mama Beatus, yeye akamfungia mlango. Madungu matatu, Valeria, kwenye utelezi ule, na macho yale. Hakuwa mwizi siku hiyo. Mwili wake ulijua unachotaka, na watu wakamnyima kwa kunipenda mimi.

Mwisho akanifuata jarubani. Kalowa jasho, ananiita kwa jina la marehemu mama yake. Kisha akanijua, akasema, "Mama Valeria, niruhusu kijiko kimoja." Mzee wa miaka sabini na moja ananiomba ruhusa. Nikamwambia, "Huoni aibu?" Nikamkokota mpaka dunguni, nikamkalisha, nikachukua mchunga uliobaki, nikamnywesha kwa mkono wangu huu ninaokuandikia.

Hakumaliza kikombe. Alianguka.

Hapo ndipo barua yako ilipoingia kichwani. Nikakimbilia sanduku. Mafundo matatu, mwanangu! Mvua ilikuwa imeyakaza, vidole havinitii. Niliyang'ata mpaka nikasikia damu mdomoni, na baba yako yuko chini anakoroma. Nilipofungua nikamlaza ubavu, nikampaka sukari ufizini kama ulivyoandika, napaka nalia, napaka napiga mayowe. Lukelo na wenzake wakambeba kwa kitanda cha kamba mpaka mtumbwini. Zahanati walipima wakasema moja nukta nane. Wakamtundikia dripu, wakatupeleka Ifakara. Alifumbua macho jioni. Siku nne wodini.

Daktari aliuliza tulimpa nini. Sikuficha, nikasema mpaka idadi ya makonzi. Nilidhani atanifokea. Aliandika tu, akapunguza vidonge, akasema mchunga tule na ugali kama mboga, lakini wa kuchemsha usirudi kwenye kikombe chake. Afadhali angenifokea.

Tuliporudi nilipita kwa Bibiana, kwa Lukelo, kwa mama Beatus. Kote nikasema, "Akiomba, mpeni. Msiniulize." Bibiana alilia, nikamwambia kilio si chake. Sanduku liko wazi. Sukari nimeitia kwenye mkebe juu ya meza, na ya kwenye karatasi anayo mfuko wa shati. Nimemwambia, baba Valeria, ukitetemeka kula, usingoje mtu. Nimemwambia kila siku.

Jana nilikuwa natwanga. Yeye amekaa ndani, meza iko hatua mbili tu. Nikamwona anatoka, anashika ukuta, jasho linamtiririka. Akaja mpaka kwenye kinu akasimama, mkono juu ya mfuko wa shati, anangoja nimtazame.

"Mama Valeria," akasema, "naomba ruhusa."

Nilimkorogea mwenyewe, akanywa, akatulia. Mimi ndiye sijatulia mpaka sasa.

Omba likizo, mwanangu, hata ya siku mbili. Njoo umwambie wewe kwamba ameruhusiwa. Nikimwambia mimi, haamini.

Mama yako,
Klementina